Kabla ya Kuilaumu Mashine

Kila mwaka, katika shule nyingi za sekondari, wanafunzi hufanya jaribio la kutenganisha rangi zilizomo katika wino. Kipande cha karatasi ya kuchujia huchorwa mstari wa penseli, tone la wino mweusi huwekwa juu ya mstari huo, na ncha ya karatasi hutumbukizwa katika maji au spiriti. Kimiminika hupanda, rangi nazo hupanda pamoja nacho, na baada ya robo saa mwanafunzi huona kwamba weusi ule ulikuwa mkusanyiko wa buluu, nyekundu na manjano. Ni jaribio zuri na la bei nafuu. Lakini mimi, kila nipatapo nafasi ya kuhudhuria somo hilo, sizitazami sana karatasi zilizofaulu. Huitazama ndoo ya taka.

Ndani ya ndoo huwamo karatasi ambayo rangi imeacha mkia mrefu kama wa tiara. Huwamo nyingine ambayo maji yamepanda upande mmoja na kuchelewa upande wa pili, na nyingine ambayo tone lote limetoweka, kwa kuwa mwenyewe aliitumbukiza mno karatasi hata maji yakalifunika tone likayeyukia kikombeni. Wenye karatasi hizo huazima daftari la jirani, hunakili tarakimu zake, na kupewa alama. Mwalimu aghalabu huona, naye hunyamaza, kwa sababu mtihani utauliza tarakimu wala hautauliza ndoo.

Katika makala haya napenda kutoa hoja kwamba desturi hiyo ni hasara kubwa, na kwamba hasara yenyewe haiishii darasani. Karatasi iliyoharibika inaeleza sababu ya kuharibika kwake kwa yeyote aliyefundishwa kuisoma. Mwanafunzi asiyefundishwa kuisoma atakuja kuwa fundi wa maabara asiyejua kuisoma, na huko atakutana na mashine ambazo matokeo yake huamua mambo ya afya za watu.

Jaribio la wino lina ndugu yake mkubwa, nayo ni kromatografia ya kimiminika ifanywayo kwa mashine. Mahali pa karatasi pamewekwa bomba la chuma kisichoshika kutu, ambalo mafundi huliita kolamu. Urefu wake kwa kawaida ni sentimeta 15 au 25, na upana wa tundu lake ni milimeta 4.6. Ndani yake imeshindiliwa silika, dutu ile ile iliyo asili ya mchanga mweupe, katika chembe za mviringo zenye kipenyo cha maikrometa 5 hivi. Chembe 200 zikipangwa mstari mmoja hazizidi milimeta moja. Chembe hizo aghalabu zimevishwa minyororo ya atomi 18 za kaboni, na vazi hilo hupenda dutu zenye asili ya mafuta kuliko zile zipendazo maji. Kwa kuwa nafasi baina ya chembe ni finyu mno, kiyeyushi hakiwezi kupenya kwa uzito wake chenyewe. Pampu hukisukuma kwa shinikizo linaloweza kuzidi mara 100 shinikizo la hewa ya kawaida.

Sampuli huingizwa mbele ya kolamu, ikabebwa na kiyeyushi, na kila dutu iliyomo ikakawia njiani kwa kadiri inavyovutwa na vazi lile. Mwishoni kuna kitambuzi. Dutu inapopita mbele yake, kalamu ya chati, au siku hizi kompyuta, huchora mlima mdogo ambao huitwa kilele. Dakika zinazopita tangu kuingizwa kwa sampuli hadi ncha ya kilele ndizo muda wa kukawia. Kwa muda huo tunamtambua aliyepita, na kwa ukubwa wa kilele tunajua amepita kwa kiasi gani. Hapa pana sharti ambalo vitabu hulitaja kwa haraka: muda wa kukawia hautambulishi kitu iwapo hali ya mashine leo si ile ya jana.

Katika Afrika ya Mashariki mashine hii si pambo la vyuo. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki na kati ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu uotao katika nafaka isiyokaushwa vyema. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yalitokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Viwango vya mahindi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu sumukuvu zote kwa jumla zisizidi maikrogramu 10 katika kilo moja, na ile iliyo kali zaidi, iitwayo B1, isizidi maikrogramu 5. Jicho haliwezi kuona kiasi hicho, wala ulimi hauwezi kukionja. Kromatografia ya kimiminika ni mojawapo ya njia kuu za kukipima.

Sumukuvu zitafutwazo katika nafaka ni nne, na katika kolamu ya aina niliyoieleza hutoka kwa utaratibu huu: G2, G1, B2, na mwisho B1. Tuseme siku moja vilele vyote vimechelewa kwa sababu isiyojulikana. Kompyuta imeamriwa kuitafuta B1 katika dakika maalumu, ikiachiwa nafasi ndogo mbele na nyuma, nafasi ambayo mafundi huiita dirisha. Kilele kikianguka nje ya dirisha, kompyuta itaandika kwamba B1 haipo. Vilevile kilele cha G1 kilichochelewa chaweza kuingia dirisha la jirani yake kikapewa jina la B2. Shehena yenye sumu yaweza kuruhusiwa kuuzwa, na shehena njema yaweza kuteketezwa, na katika hali zote mbili karatasi ya majibu itakuwa safi na yenye muhuri.

Fundi aliye mbele ya kilele kilichohama ana njia mbili. Ya kwanza ni kulipanua dirisha mpaka kilele kiingie. Ni kazi ya nusu dakika, na nimewaona watu wenye shahada wakiifanya. Ya pili ni kuuliza kwa nini kilele kimehama.

Mimi mwenyewe sikuanza kazi nikiwa mtu wa njia ya pili. Katika maabara niliyoajiriwa ujanani, tulikuwa tukipima vidonge vya malaria. Dutu tuliyokuwa tukiipima ilizoea kutoka katika dakika ya 6.0. Jumatatu moja ilitoka katika dakika ya 6.7, na sampuli ya kulinganishia, ambayo uhalisi wake haukuwa na shaka, ikafanya vivyo hivyo. Tulisema kolamu imechoka. Tukafunga kolamu mpya, ambayo bei yake ilizidi mshahara wangu wa mwezi na ambayo ilikuwa ya akiba kwa mwaka mzima. Dakika ikabaki ile ile, 6.7. Tukafungua pampu, tukabadili mipira yake ya kuzuia uvujaji. Tulipoifunga ikaanza kuvuja mahali ambapo haikuwa ikivuja. Kufikia Alhamisi tulikuwa na hitilafu mbili badala ya moja, na hapakuwa na mtu aliyekumbuka ni vitu gani tulivyobadili pamoja.

Lilikuwapo swali ambalo lingetuokoa, na jibu lake lilikuwa katika chati ya kwanza ya Jumatatu. Nitalieleza kwa mfano wa mabasi. Chukua mabasi mawili yatokayo Morogoro kwenda Dar es Salaam. Moja halisimami popote. Jingine husimama kila kituo kupakia na kushusha. Siku moja basi la vituo limechelewa. Kabla ya kumlaumu dereva, uliza kwanza lile lisilosimama limefika saa ngapi. Ikiwa nalo limechelewa kwa kadiri ile ile, tatizo ni la barabara. Ikiwa limefika kama kawaida yake, barabara ni njema, na jambo limetokea vituoni.

Katika kolamu pia yupo msafiri asiyesimama. Ni dutu yoyote isiyovutwa kabisa na vazi la chembe, kama vile urasili, ambayo hutoka pamoja na kiyeyushi chenyewe kilichoibeba. Wakati wake wa kutoka tuuite muda wa bure. Kwa kolamu ya sentimeta 15, kiyeyushi kikienda mililita moja kwa dakika, muda wa bure ni dakika 1.5 hivi. Dutu yetu ilitoka katika dakika ya 6.0, maana yake ilipoteza dakika 4.5 vituoni. Ukigawa 4.5 kwa 1.5 unapata 3, na tarakimu hiyo ndiyo kipimo cha kweli cha kukawia, kwa kuwa haitegemei mwendo wa pampu.

Sasa tufanye hesabu, na mwanafunzi aifuate kwa kalamu. Iwapo pampu imedhoofika na kusukuma mililita 0.9 kwa dakika badala ya 1.0, muda wa bure utakuwa dakika 1.67 na dutu itatoka katika dakika ya 6.67. Toa, gawa, na jibu ni 3 kama zamani. Lakini iwapo pampu ni nzima na kiyeyushi ndicho kilichodhoofika, muda wa bure utabaki 1.5, na dutu ikitoka katika dakika ya 6.67 jibu ni karibu 3.45. Kwa macho, vilele vyote viwili vimehamia mahali pamoja. Kwa hesabu, kimoja kinatupeleka kwenye pampu, viungo vinavyovuja na mapovu ya hewa, na cha pili kinatupeleka kwenye chupa ya kiyeyushi, joto la chumba, kiwango cha asidi na hali ya kolamu. Nusu ya sababu zinazowezekana imefutwa bila ya mtu kushika spana. Sisi tulifungua pampu ilhali muda wa bure ulikuwa 1.5 tangu Jumatatu. Ulikuwa umechorwa pale mwanzoni mwa chati, na hatukuutazama kwa kuwa hakuna aliyewahi kutufundisha kuutazama.

Kosa lilikuwa katika chupa. Maagizo yalisema kiyeyushi kiwe nusu methanoli na nusu maji. Fundi wa zamani alizoea kupima mililita 500 za kila kimoja katika chombo chake, kisha kuvichanganya. Wiki ile alikuwa likizoni, na kijana aliyeshika nafasi yake alitia mililita 500 za methanoli katika chupa ya lita moja, kisha akaongeza maji mpaka alama ya 1000. Msomaji ataona kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Si sawa. Methanoli na maji yakichanganyika hujibana: 500 na 500 hutoa takribani mililita 965 tu. Kwa hiyo kijana yule, ili kuifikia alama, aliongeza maji mililita 535 hivi, na mchanganyiko wake ukawa na methanoli kidogo kuliko ule wa mwenzake. Angeanza na maji na kujaza kwa methanoli, kosa lingeelekea upande wa pili.

Tofauti hiyo haifiki sehemu mbili katika mia. Lakini katika kolamu za aina hii, kupunguza methanoli kwa sehemu kumi katika mia huongeza ukawiaji mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo upungufu mdogo kama ule watosha kuufanya ukawiaji wa 3 uwe 3.4 au 3.6. Ndivyo ilivyokuwa. Kijana hakufanya uzembe wowote. Alitii maagizo yaliyoandikwa vibaya, na lebo ya chupa zote mbili ilisomeka "nusu kwa nusu".

Mwalimu asiye na mashine anaweza kulionyesha jambo hili kesho asubuhi. Pima mililita 50 za spiriti na mililita 50 za maji katika mitungi miwili ya kupimia, uvichanganye katika mtungi wa mililita 100, na uwaulize wanafunzi kabla hawajasoma alama watapata ngapi. Wote watasema 100. Wakiisha kuona pungufu, waulize swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: agizo la kutengeneza mchanganyiko liandikwe vipi ili watu watatu tofauti wapate kitu kimoja?

Baada ya chupa, joto. Kila nyuzi moja ya selsiasi inapoongezeka, muda wa kukawia hupungua kwa sehemu moja au mbili katika mia. Maabara isiyo na chombo cha kuihifadhi kolamu katika joto moja, mahali kama Dar es Salaam ambapo asubuhi na alasiri zaweza kupishana nyuzi saba, itaona vilele vikitangulia siku nzima na kurudi nyuma usiku. Mtu akizichora saa za siku pamoja na muda wa kukawia katika grafu moja, ataliona jua likipanda na kushuka.

Nimezungumza sana juu ya kuhama kwa kilele. Umbo lake nalo lina maneno yake. Kilele chema hufanana pande zote mbili. Kikiwa na mkia, swali la kwanza ni jepesi: je, vilele vyote vina mkia, au kimoja tu? Kama ni vyote, kasoro ni ya njia yenyewe. Huenda kiungo hakikukazwa sawasawa, mrija ni mrefu kuliko ipasavyo, au pana shimo mwanzoni mwa kolamu ambamo kila dutu inazungukazunguka kabla ya kuingia. Kama ni kimoja tu, kasoro ni ya uhusiano wa dutu hiyo na kolamu.

Kwinini ni mfano mzuri, nao hauko mbali nasi, maana mikwinini ilipandwa Amani, katika milima ya Usambara, ambako kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1902. Molekuli ya kwinini ina nitrojeni inayopokea haidrojeni na kuwa na chaji chanya. Silika nayo, chini ya vazi lake la kaboni, ina sehemu zilizobaki uchi ambazo, kiwango cha asidi kikiwa karibu na pH 7, huwa na chaji hasi. Sehemu hizo ni chache lakini zina nguvu. Molekuli nyingi za kwinini hupita kwa utaratibu, ila chache hunaswa na kuachiwa kwa kuchelewa, na hao wachelewaji ndio mkia. Ukiongeza asidi mpaka pH ikaribie 3, sehemu zile hupoteza chaji yake na mkia hupungua. Fundi asiyejua sababu hii atabadili kolamu kwa kolamu nyingine ya aina ile ile na kustaajabu kwamba mkia umehamia huko.

Pengine lakini mkia, au tumbo lililotangulia mbele ya kilele, hutokana na ulafi: sampuli imetiwa nyingi kuliko kolamu inavyoweza kuhimili. Jaribio la kulithibitisha halihitaji kitabu. Ipunguze sampuli mara kumi, uingize tena. Umbo likitengenea, kosa lilikuwa lako. Tone kubwa la wino katika karatasi ya shule hufanya vivyo hivyo hasa, na mwanafunzi aliyelitupa ndooni ameitupa kanuni hii pamoja nalo.

Kuhusu vilele vilivyopasuka vichwa viwili nitasema machache. Vikipasuka vyote, tazama chujio la mwanzoni mwa kolamu, kwani huenda limezibwa. Kikipasuka kimoja kinachotoka mapema, uliza sampuli imeyeyushwa katika kitu gani. Mara nyingi utaambiwa methanoli tupu, na tiba ni kuiyeyusha katika kiyeyushi kile kile kinachopita ndani ya mashine. Ama kilele cha kizuka, kisichokuwa cha dutu yoyote iliyotiwa, utakitambua kwa upana wake. Kadiri dutu inavyokawia ndivyo kilele chake kinavyopanuka, hivyo kilima kipana kinachosimama katikati ya vilele vyembamba kama sindano ni mgeni wa sampuli iliyopita, aliyechelewa kutoka. Ingiza kiyeyushi kitupu, usubiri, naye atatoka peke yake au hatatoka kabisa.

Watengenezaji wa mashine huambatanisha majedwali ya hitilafu: safu moja ya dalili, na kila dalili ina sababu kumi, kumi na tano. Sina ugomvi na waliyoyaandika, kwani ni kweli tupu. Ugomvi wangu ni kwamba jedwali humfanya fundi aanze na sababu ya kwanza na kushuka mpaka ya mwisho, akibadili kitu kwa kila mstari, kama mtu aliyepewa funguo nyingi na kujaribu milango yote ya mtaa. Jedwali halimwambii ni swali gani litafuta nusu ya orodha kwa mara moja. Wala halimwambii kwamba asibadili vitu viwili kwa pamoja, na kwamba akikibadili kimoja pasipo mafanikio akirudishe kilivyokuwa kabla ya kugusa cha pili. Hilo la kurudisha ndilo linalowashinda wengi, kwa kuwa linafanana na kukiri kwamba saa nzima imepotea.

Na mtu asidhani kwamba kukosea chanzo cha hitilafu ni jambo la mafundi wadogo tu. Kromatografia yenyewe ilianza na mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Mikhail Tswett, aliyetoa habari zake za kwanza katika mhadhara mjini Warsaw mwaka 1903 na kuipa jina lake mwaka 1906. Alijaza unga wa kalsiamu kaboneti, dutu ya chaki ya asili, katika bomba la kioo, akapitisha juu yake rangi za majani, nazo zikajipanga katika mikanda ya kijani na manjano. Richard Willstätter, bingwa wa Kijerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa kazi yake juu ya rangi za mimea, aliijaribu njia hiyo pamoja na wenzake, lakini wakatumia kijazo kikali ambacho kiliiharibu klorofili ndani ya bomba. Walihitimisha kwamba njia ndiyo isiyofaa. Tswett alikufa mwaka 1919, na njia yake ikalala kwa kiasi kikubwa mpaka Richard Kuhn na Edgar Lederer walipoifufua huko Heidelberg mwaka 1931. Hitilafu ilikuwa katika kijazo. Hukumu ikatolewa juu ya njia nzima, na kemia ikangojea zaidi ya miaka ishirini.

Nitajibiwa na walimu, na najua watakayosema. Muhtasari wa masomo umejaa. Mtihani hautoi alama kwa kushindwa. Dawa za maabara ni haba, na jaribio likiharibika hakuna la kurudia. Jibu la tatu ndilo lenye uzito zaidi, nami nalikubali kwa majaribio ya asidi kali na chumvi za fedha. Silikubali kwa wino na karatasi. La pili si amri ya mbinguni. Watunga mitihani wanaweza kumpa mtahiniwa picha ya karatasi mbili, moja njema na moja mbovu, na kumtaka aeleze kilichotokea na jaribio moja atakalolifanya ili kuthibitisha maelezo yake. Swali la namna hiyo halihitaji kemikali hata tone, wala halinakiliki kutoka kwa jirani, maana jirani naye atakuwa anafikiri.

Nakiri kwamba karatasi haifundishi kila kitu. Haina pampu, kwa hiyo haitamwonyesha mwanafunzi povu la hewa likiyumbisha mstari wa chati, wala chumvi ya fosfeti iliyoachwa ndani ya mashine usiku kucha ikikauka na kuikwaruza. Hayo atayakuta kazini. Lakini mambo makubwa yamo. Katika karatasi mna mkia wa sampuli iliyozidi. Mna kiyeyushi kinachopungua kwa kuwa chombo hakikufunikwa, na rangi zikahama mahali pake. Mna mstari uliopinda kwa kuwa karatasi iligusa ukuta wa kikombe, na tofauti ya asubuhi na alasiri.

Napendekeza basi kwamba katika somo lijalo la wino mwalimu asiiweke ndoo karibu. Awape wanafunzi pini, na kila karatasi, njema na mbovu, itundikwe ukutani ikiwa na jina la aliyeifanya, saa, kiyeyushi kilichotumika na kama kikombe kilifunikwa au la. Kisha kila wanafunzi wawili wachague karatasi moja mbovu isiyokuwa yao, wakubaliane juu ya sababu moja tu, na waitengeneze upya kwa makusudi: wakisema tone lilizidi, waweke tone kubwa, wakisema kikombe hakikufunikwa, wakiache wazi. Wakipata ubovu ule ule wameipata sababu. Wasipoupata, zimebaki dakika ishirini za kipindi na karatasi ni za kutosha.